Liva ya gia isiyojulikana: ipi ununue, ipi uiache kwenye lundo

Liva ninayoijutia niliinunua Unga Limited, mtaa wa Arusha, shilingi elfu thelathini na tano, kwa chalii wa vyuma chakavu aliyeapa kwa mama yake kwamba imetoka kwenye Land Rover. Kirungu chake cheusi, kile cha juu unachoshika, kilikuwa cha Land Rover kweli. Nimeendesha Series III ya 1974 miaka mingi, kirungu kile mkono wangu unakijua hata gizani. Nilipoifikisha Sakina, mtaa mwingine wa Arusha, fundi wangu akaipindua, akatazama ncha ya chini, akacheka. "Mzee, hapa umenunua kirungu. Hiki chuma kingine umepewa nyongeza."

Kirungu ni kama kofia, anakivaa yeyote. Kinafunguliwa kwa mkono dakika moja na kufungwa kwenye chuma cha lori, cha trekta au cha gari lisilo na jina. Ndiyo maana ukiokota liva sokoni, iwe Unga Limited au kule Moshi, anza kuisoma kutoka chini.

Igeuze kwanza

Liva ya Land Rover ya zamani, au ya Land Cruiser FJ40 yenye gia nne, inaingia moja kwa moja juu ya giaboksi. Chini yake ina gololi ya chuma inayozungukia kwenye kikombe chake, na chini ya gololi kuna ulimi unaosukuma foki, vile vyuma vya ndani vinavyobadilisha gia. Vipimo vitatu ndivyo vya maana: unene wa gololi, urefu kutoka gololi hadi ncha ya ulimi, na upana wa ulimi wenyewe. Fungua ile mbovu uliyonayo, ipime kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene), andika kwenye karatasi, na karatasi hiyo uende nayo sokoni. Milimita mbili tatu zinatosha kukuharibia siku: gololi ndogo inacheza ndani ya kikombe, ulimi mfupi unaponyoka kwenye foki, na gari linakufia kwenye gia namba mbili katikati ya mlima.

Volkswagen Beetle ni habari nyingine. Injini na giaboksi ziko nyuma, kwa hiyo liva yake haigusi giaboksi kabisa. Inasukuma fimbo ndefu inayopita kwenye handaki katikati ya sakafu. Utaitambua kwa bamba la chini lenye matundu mawili ya bolti, zile za spana 13. Hata mwaka wake unaweza kuukaribia kwa uzi wa juu unaposhika kirungu: magari ya hadi 1961 yana uzi wa milimita 10, yaliyofuata hadi 1967 yana milimita 7, na kuanzia 1968 ni milimita 12. Rivasi yake unaipata kwa kubonyeza liva chini, kisha kushoto, kisha nyuma. Muuzaji akikwambia hii ni ya Beetle lakini haina namna yoyote ya kubonyezwa kwenye bamba lake, mwache aendelee na chai yake.

Gia za usukani, kama za Peugeot 404 na za Land Cruiser za mwanzo zenye gia tatu, ndizo zinazowaliza wengi wanaoagiza mtandaoni. Sisi tunaendesha kushoto, usukani uko kulia, kwa hiyo liva inakaa upande wa kushoto wa nguzo ya usukani. Ile iliyotoka kwenye gari la Ufaransa au Marekani inakaa upande wa pili, na kwa picha tu huwezi kuona kosa hilo mpaka mzigo ufike na ushuru uwe umeshalipwa.

Ukikutana na liva ndefu ya kromu, bapa, iliyofungwa kwa bolti mbili kwenye sanduku lenye mikono mitatu ya kuvutia vyuma vya pembeni, hiyo ni ya Kimarekani. Mara nyingi utakuta imechapwa jina Hurst. Ni chuma kizuri, ila kwa gari lako haina kazi.

Uzi, spana na mchoro wa gia

Gari la Kiingereza la zamani lina bolti za inchi; la Kijapani na la Kijerumani lina za milimita. Nenda na spana 13. Kwenye kichwa cha nusu inchi itaingia lakini italegea kidogo, maana nusu inchi ni milimita 12.7. Kirungu kikiingia mizunguko miwili kisha kikakaza, usilazimishe. Uzi umekataa, na kukataa huko ni jibu tosha.

Mchoro juu ya kirungu usiuamini, kwa sababu niliyokwisha kusema. Mchoro wa kuamini ni ule wa giaboksi yenyewe, kama bado ipo karibu. Kwa Land Rover 110, kwa mfano, giaboksi ya LT77 ina rivasi kushoto mbele, kando ya namba moja. Ile ya R380 iliyoanza 1994 ina rivasi kulia nyuma, chini ya namba tano. Na vile virungu vya rangi kwenye Series visikuchanganye: cha njano hubonyezwa chini kuingiza fowili (magurudumu yote manne), chekundu huvutwa nyuma kuingiza gia nzito. Si liva kuu hizo.

Namba zilizojitokeza kwenye chuma cha kalibu, kile kilichomiminwa, piga picha, lakini mara nyingi hizo ni za kalibu, hazilingani na namba ya spea kwenye kitabu. Usimpigie muuzaji wa Nairobi ukimtajia hiyo ukadhani mmeelewana.

Mpangilio wangu wa ununuzi

Chaguo la kwanza ni kutonunua. Nusu ya liva zinazolegea ni bushi, ile pete ya kwenye kiungo, iliyokwisha au springi iliyochoka. Kwenye Beetle, kiungo cha fimbo kiko chini ya siti ya nyuma, kuna kifuniko kidogo pale. Bushi yake ikifa, gari zima linaonekana halina gia, na mwenye gari anakimbilia kutafuta liva. Gololi iliyolika fundi mzuri anaijaza kwa kuchomelea, kisha anaichonga kwenye mashine hadi irudi kipimo chake.

La pili, liva pamoja na nyumba yake, ikifunguliwa mbele ya macho yako kutoka kwenye giaboksi ya gari kama lako. Kwa Land Rover, ulizia kwenye mashamba ya kahawa na kwenye misheni za milimani, huko kuna magari yamelala chini ya miti miaka na miaka. Toa shikamoo, kaa, kunywa chai; mzee mwenye gari hauzi kwa haraka. Siku hizi bei zimechangamka, na tangu lile tamasha la Land Rover la Arusha la Oktoba 2024 kila mtu anajua ana mali uani.

La tatu ni mpya ya kuagiza. Kwa Land Rover na Beetle zinatengenezwa hadi leo, na zinaingia bila kelele. Kwa Peugeot usihangaike huko, rudi kwenye la pili.

La nne, liva peke yake kutoka kwenye lundo. Nunua tu kama vipimo vitatu vimekubali. Angalia kama kuna mshono wa kuchomelea katikati, na rangi ya bluu inayoonyesha ilikunjwa kwa moto.

La mwisho kabisa ni zile za kung'aa zinazodaiwa kuingia gari lolote. Sijaona iliyoingia la kwangu.

Kabla ya kutoa hela, kubaliana na muuzaji urudishe ndani ya siku mbili ikikataa kuingia. Mwandikishe nyuma ya ile karatasi ya vipimo: bei, tarehe, saini yake. Chalii wangu wa Unga Limited nilipomrudia alinipokea vizuri tu, akaniuliza kama kile kirungu nakiuza.