Kulala Görlitz, Ujerumani, mpakani na Poland: uzoefu wangu wa hoteli ndogo ya mji mkongwe

Nianze na ngazi, maana ndizo zitakazoamua kama hoteli ya aina hii inakufaa. Nyumba ina karne kadhaa, iko kwenye uchochoro unaoteremka kutoka uwanja wa Untermarkt kwenda mto Neisse, na lifti haina. Majengo ya mji mkongwe yanalindwa na sheria, huwezi kutoboa ukuta utakavyo. Nilipewa chumba cha juu kabisa, chini ya paa. Ngazi zinaanza za mawe, zinamalizia za mbao, nyembamba, zimelika katikati kwa nyayo za watu. Mwenye sanduku kubwa au magoti mabovu atajuta. Nenda na begi la mgongoni.

Jina silitaji, kwa sababu hoteli za namna hii pale ziko kadhaa na hazitofautiani sana. Mapokezi yanafungwa jioni. Ukichelewa unatumiwa namba ya siri kwenye simu, unafungua kisanduku kando ya mlango na kuchukua ufunguo. Yangu ilichelewa, nikanyeshewa vizuri tu huku nikipiga simu isiyopokelewa. Asubuhi nilipolalamika, pole sikuisikia. Nilielezwa utaratibu upya, hatua kwa hatua.

Chumba kilikuwa kisafi, hilo siwezi kuwanyima. Kitanda cha wawili ni magodoro mawili yaliyosogezwa pamoja, kila mtu na mfarishi wake, kwa hiyo hakuna kugombania. Birika la kuchemshia maji hakuna. Intaneti inashika vizuri ngazini, ukiingia ndani inapotea. Mapazia ni mepesi, na hapa hilo si jambo dogo: Görlitz ndio mji wa mashariki kabisa ya Ujerumani, umekaa juu ya mstari wa longitudo wa digrii 15 mashariki, uleule unaopangia saa za Ulaya ya Kati. Jua la Juni linachomoza kabla ya saa 11 alfajiri na linakuja usoni. Sisi tuliozoea macheo ya saa 12 tunaona kama tumeibiwa usingizi.

Kifungua kinywa unalipia kando, lakini usikiache. Mikate midogo ya moto, ukiipasua ganda linapukutika mezani, na mayai ya kuchemsha yamevishwa vikofia vya kitambaa yasipoe. Nyama iliyokatwa vipande vyembamba karibu yote ni ya nguruwe. Mama wa jikoni, bila kuulizwa, alinisogezea sahani ya jibini na samaki.

Kilichonifanya nisahau ngazi ni kwamba ukitoka mlangoni umeshafika. Vita Kuu ya Pili iliupita mji huu bila kuubomoa sana; majengo yanayolindwa yanazidi 4,000. Na kuna habari ambayo wenyeji hawachoki kuisimulia: kuanzia 1995 hadi 2016 mtu asiyejulikana aliupelekea mji marki (pesa ya zamani ya Ujerumani) milioni 1 kila mwaka, baadaye euro 511,500, kwa ajili ya kukarabati nyumba za kale, kwa sharti kwamba asitafutwe. Nikawa kila nikiona ukuta uliopakwa rangi vizuri najiuliza kama ni pesa zake. Kanisa la Peterskirche liko karibu. Ingia ukione kinanda cha 1703, mabomba yake yamepangwa kama miale kuzunguka nyuso za jua.

Kisha unashuka mtoni. Wanajeshi wa Kijerumani walilipua madaraja Mei 1945, mto ukawa mpaka, na ng'ambo ikawa Zgorzelec ya Poland. Daraja la waenda kwa miguu la mji mkongwe lilirudishwa 2004, na sasa unavuka kwa dakika chache tu. Chakula cha jioni nilikuwa nakula upande wa pili: pierogi, yaani vifuko vya unga vya kuchemsha, za viazi na jibini, zinazoelea kwenye siagi na vitunguu vya kukaanga, bei nafuu kuliko ya Ujerumani. Lipa kwa kadi. Pesa ya kule ni zloti, na ukilipa kwa euro taslimu utabadilishiwa kwa hesabu ya mwenye mgahawa.

Tahadhari moja kwa wenzangu wenye pasipoti za kwetu. Schengen, eneo la nchi za Ulaya zisizokaguana mipakani, ni Schengen, lakini Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mpaka huu Oktoba 2023. Hata ukienda kula tu, beba pasipoti yenyewe na kibali cha ukaazi au viza. Picha kwenye simu haitakusaidia.

Kwa usiku mmoja sikufikisha euro 80, na kwa mahali pale naona ni haki. Familia yenye watoto wadogo naishauri itafute hoteli karibu na stesheni, zina lifti. Wengine mkipiga simu kuweka nafasi, ombeni chumba cha ghorofa ya kwanza kinachotazama ua. Vya barabarani vinapata kengele za kanisa usiku kucha, kila robo saa.