Eti kinanda chetu ni kelele

Jamani hii naandika na hasira, mnivumilie. Kipindi kile cha korona, 2020, kila mtu yuko ndani kwake, mazoezi hakuna, bendi imekufa kifo cha mende, ndio tukaletewa habari za hii programu ya kupiga muziki pamoja laivu kwa intaneti. Tangazo lao linasema mtasikika kama mko chumba kimoja. Haya, tukalipia.

Sauti kuchelewa mi silalamikii, hilo linajulikana, ikizidi milisekunde 30 hivi kila mmoja anaanza kumsubiri mwenzake na wimbo unazidi kuvutika mpaka unakuwa wa msibani, kwa hiyo wifi tukaacha tukachomeka waya, hedifoni za Bluetooth tukaweka pembeni maana zenyewe tu zinaweza kuchelewesha kupita milisekunde 100, na kweli dramu na besi zikashikana vizuri. Nisiwe muongo, siku ile nilitaka kuwapa nyota tano.

Ila kinanda sasa. Mpiga kinanda wetu akishika kodi ndefu, yani noti kadhaa kwa pamoja, inasikika vizuri mwanzoni halafu inafifia, inafifia, imepotea. Akiachia akipiga upya inarudi. Akishika, haipo. Tukadhani kinanda kibovu, tukadhani waya, wapi! Kumbe programu ina kitu cha kusafisha kelele, kile kile cha kwenye mikutano, sauti yoyote inayokaa pale pale bila kubadilika inadhani ni feni au friji linaunguruma, inaikata. Na kukizima huwezi, hakuna kitufe.

Nikawaandikia huduma kwa wateja, kwa adabu zote, nikaomba hicho kitufe. Jibu likaja: "Mpendwa mteja, tunashauri upunguze kelele chumbani wakati wa mazoezi."

Kelele!! Yani mtu kapiga kinanda miaka yote hiyo, harusi na misiba, leo anaitwa kelele na mtu ambaye hata kusoma swali hakusoma. Nikajibu tena, safari hii adabu sikuwa nayo sana, wakaniuliza mna hakika mnahitaji sauti ndefu. Nyie si ndio mnauza programu ya wanamuziki? Hata Zoom, ambayo ni ya mikutano, ina sehemu ya kuruhusu sauti ipite kama ilivyo. Jamulus, programu nyingine ya kupiga muziki pamoja kwa intaneti, ni ya bure kabisa na haina hayo mambo ya kukata noti ya mtu. Sisi tunalipa halafu tunafundishwa kupiga noti fupi.

Nyota moja. Sawa, mbili, kwa sababu ukweli ni kwamba miezi ile bila wao nisingesikia dramu ya mtu hai masikioni mwangu, na vile vicheko katikati ya nyimbo vilipita vizuri, vicheko havikatwi. Siku hizi kila mmoja anarekodi kwake na mapigo sikioni anatuma faili, inafanya kazi, ila hakuna raha, mtu anacheka peke yake.

Hapana, narudi kwenye moja, nimesoma tena ile barua pepe yao hapa nimepandwa upya. Mpiga besi anasema niwape tatu. Yeye lazima aseme hivyo, noti zake fupi, hajaliwa hata moja.