Fuji X-T5, Sony a6700 ama Canon R7? Nimezitembeza Nairobi, haya ndio maoni yangu

Watu wananiuliza sana hii kitu, mtu ako na pesa ya kamera moja nzuri, si ya biashara, ni ya kujipigia tu wikendi, anunue gani kati ya hizi tatu. Jibu langu ni Canon R7. Lakini sababu yangu haiko kwenye bodi yenyewe, yaani kamera bila lenzi, na kusema ukweli kama ni bodi peke yake tunashindanisha ningesema Sony, kwa hivyo soma mpaka mwisho kabla hujaanza kunitukana.

Zote tatu ni sensa ya APS-C (kile kipande kinachoshika picha, saizi ndogo kuliko fremu nzima), zote ziko na stebilaiza ya kutuliza mtikisiko ndani ya bodi, na zote zimetoka karibu wakati mmoja, R7 na X-T5 mwaka 2022, a6700 ikafuata 2023. Zikizinduliwa Marekani bei ya bodi tupu ilikuwa dola 1,699 kwa Fuji, 1,499 kwa Canon, na Sony ilikuwa 1,399. Huku kwetu weka VAT ya asilimia 16, weka ushuru, weka faida ya mwenye duka, halafu ujue mzigo mwingi unaingia kupitia Dubai, kwa hivyo uliza mapema kama waranti ni ya kampuni ama ni ya duka tu.

Nianze na Fuji kwa sababu ndio inavuta macho. Juu kuna vile viduara vya kuzungusha, kimoja cha ISO (vile sensa inaitikia mwanga), kimoja cha spidi ya shata (pazia la kuingiza mwanga), kimoja cha kuongeza na kupunguza mwanga, unaona setingi zako hata kabla hujaiwasha. Ukichungulia kile kidirisha cha jicho ni kikubwa na safi kuliko cha hizo zingine mbili, hapo hata hakuna mjadala. Halafu rangi sasa! Nilipiga shangazi zangu kwa ruracio, sherehe ya mahari, huko Kikuyu kwa Pro Neg Std, moja ya mitindo ya rangi iliyo ndani ya Fuji, na ngozi zikatoka vile ziko, weusi wenye joto ndani, si ile rangi ya majivu ambayo kamera nyingi hutupatia kukiwa na mawingu. Mtindo wa Velvia usithubutu kuwawekea watu, inawafanya wekundu, hiyo iachie Ngong Hills mvua ikishanyesha. JPEG inatoka kamera inaingia simu inaenda WhatsApp ya familia, hakuna kuedit.

Shida ni mbili. Megapikseli 40.2 ni tamu lakini faili moja ya raw (picha ghafi ya kuedit) isiyobanwa inapita MB 80, kama laptop yako ni ile ya chuo utalia. Shida ya pili ndio kubwa, otofokasi ya kufuata kitu kinachotembea iko nyuma. Nilienda nayo pale Nyayo kwa yale madege ya marabou yanayokaa juu ya migunga kando ya barabara. Huo ni mtihani mwepesi jamani, dege ni kubwa, linaruka polepole, halina haraka na mtu. Fuji ikashika tawi. Nikarudia, ikashika tawi lingine.

Sony hapo hapo ilishika jicho na haikuachilia, dege likapita nyuma ya nguzo ya stima likatokea upande ule mwingine na kale kaboksi ka fokasi bado kako jichoni. Hii a6700 ni ndogo, na kwa mtu anayepiga picha barabara ya Tom Mboya jioni udogo ni maana kubwa kuliko megapikseli, inaingia kwenye koti hakuna anayekuangalia mara mbili. Matatu za Rongai usiku zile zenye mataa ya kila rangi, video ya 4K kwa fremu 120 kwa sekunde ni kitu kingine kabisa, ingawa inakukatia picha sana pembeni. Kidokezo tu, kama ni picha za kawaida tumia shata ya mitambo, ukitumia ya kielektroniki, isiyo na pazia, zile taa za LED zinakuwekea mistari picha nzima. Lenzi zake ziko nyingi pia, Sigma 18-50 f/2.8 ni kama gramu 290 na kwa wengi hiyo moja inatosha miaka. Mbona basi sisemi mnunue Sony? Iko na nafasi ya memori kadi moja tu, kidirisha chake ni kidogo kiko kwa kona, na mkono wangu kidole cha mwisho kinabaki kikining'inia nikiweka lenzi ndefu. Na lenzi nzuri za Sony hata za mkono wa pili watu wanazishikilia bei.

Sasa Canon. R7 ina kasoro ambayo lazima uijue kabla ya kutoa pesa. Sensa yake inasomwa mstari kwa mstari na inachukua kama sekunde 1/30 kumaliza, kwa hivyo ukipiga mat inayokimbia Thika Road kwa shata ya kielektroniki, ikifika mstari wa chini gari limeshasonga, unapata matatu imeinama upande na magurudumu yamekuwa mayai. Zile fremu 30 kwa sekunde wanazotangaza zisahau, tumia shata ya mitambo, fremu 15 zinakutosha. Kwa marabou otofokasi ilishika vizuri lakini mara moja moja inapumua mbele na nyuma bila sababu. Kadi mbili iko nazo, mshiko umejaa mkononi, na chaja ya ukutani inakuja ndani ya boksi.

Sababu yangu yenyewe ni hii. Miaka ile kila mpiga picha wa harusi hapa mjini alikuwa na 5D Mark III ama 6D, zile Canon za kioo ndani, sasa wamehamia kamera zisizo na kioo kama hizi tatu na lenzi zao za zamani, zinaitwa EF, ziko sokoni. Adapta ya Canon ya kuziunganisha na R7 haina lenzi ndani, haikuharibii picha, na otofokasi inafanya kazi kama kawaida. Lenzi ya 50mm f/1.8 ya bei ya chini, kwa sababu sensa ni ndogo na inavuta karibu, inakuwa kama 80mm, potreti safi. Ile 400mm f/5.6L ya 1993 haina stebilaiza yake, lakini bodi ya R7 inasaidia, na kwa hii sensa unapata kama 640mm. Na hiyo ndio urefu unaotaka ukiwa Nairobi National Park, kule hushuki gari ovyo, simba akiwa mbali ni shida yako. Weka kamfuko ka maharagwe dirishani ulaze lenzi juu yake, na ufike geti ikifunguliwa, maana ikipita saa nne joto linaanza kucheza juu ya nyasi na hakuna lenzi ya pesa yoyote itakayokupa picha kali. Fuji na Sony kufika urefu huo unaongeza pesa ya kununua bodi nyingine.

Ukienda kuangalia hizo EF, washa tochi ya simu upitishe mwanga kutoka nyuma ya lenzi. Ukiona nyuzi nyeupe kama utando ni fangasi, achana nayo hata kama ni bei ya kutupa. Halafu zungusha pete ya fokasi ukisikiliza, ikikwaruza hilo ni vumbi la mbugani, hapo ndio unaanza kushusha bei.