Mbegu za ekinasia: ipi ununue kwanza ukitaka nyuki na vipepeo

Chukua ua la ekinasia lililochanua, lilete karibu na macho. Zile petali za zambarau zinazoning'inia pembeni hazizai mbegu; kazi yake ni kuita wageni tu. Chakula kiko katikati, kwenye kile kichwa kigumu chenye miiba ambacho ndicho kilichomfanya Conrad Moench, mwanabotania wa Ujerumani, aupe mmea huu mwaka 1794 jina linalotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kalunguyeye. Kichwa hicho ni mkusanyiko wa mamia ya maua madogo mno. Yanafunguka kwa zamu, pete kwa pete, kuanzia ukingoni kwenda kileleni, na ndiyo maana ua moja linaweza kulisha wadudu kwa wiki kadhaa. Kaa kimya karibu nalo asubuhi yenye jua utamwona nyuki akizunguka kwenye pete ya siku hiyo, miguu imejaa chavua.

Naanza na kichwa kwa sababu ndicho unachonunua. Picha iliyo mbele ya pakiti inauza petali. Wewe geuza pakiti, usome nyuma.

1. Echinacea purpurea ya kawaida

Hii ndiyo ya kwanza kwangu, na sioni inayoikaribia kwa mtu anayeanza. Ni ua la mbugani na la kingo za misitu ya mashariki na kati mwa Marekani, linafika kimo cha sentimita 60 hadi 120, na linavumilia udongo wa aina nyingi mradi maji hayatuami. Mizizi yake ni ya nyuzinyuzi, kwa hiyo mche unaweza kuuhamisha kutoka kitaluni bila kuuua. Mbegu huota ndani ya wiki mbili au tatu kwenye joto la nyuzi 20 hivi, zikifunikwa na udongo wa milimita 3 tu.

Tafuta maneno mawili kwenye lebo: jina kamili la kisayansi, na maelezo kwamba mbegu zimechavushwa kiasili, si chotara. Ukiona "ekinasia" peke yake bila jina la pili, rudisha pakiti ulikoitoa, maana jenasi hii, yaani ukoo huu wa mimea, ina spishi kadhaa na tabia zake hazifanani. Jiandae pia kusubiri: mwaka wa kwanza utaona majani, maua kwa kawaida huja mwaka wa pili. Wengi huling'oa wakidhani ni gugu, na inauma kuona hivyo. Weka kijiti chenye jina.

2. 'Magnus' na 'White Swan'

Ni aina za purpurea zilizochaguliwa kwa sura yake, na zote mbili hupandwa kwa mbegu. 'Magnus' petali zake zimenyooka badala ya kuinama. Perennial Plant Association, chama cha Marekani cha mimea ya kudumu, iliuteua kuwa mmea wa mwaka 1998. 'White Swan' ni nyeupe. Vichwa vyake viko wazi, nyuki wanavifikia bila shida. Nimeziweka za pili kwa sababu moja tu: unalipia sura, na mgeni unayemtaka hajali sura.

3. Echinacea pallida na Echinacea angustifolia

Kwa mwenye subira na eneo kavu lenye jua la kutwa, hizi ni hazina. Zina mzizi mkuu unaozama chini sana, ndiyo maana hustahimili ukame, na ndiyo maana pia hazipendi kuhamishwa. Sia mahali pa kudumu. Mbegu zake hulala usingizi mzito, zinahitaji baridi yenye unyevu kabla hazijaamka: zichanganye na mchanga uliolowa kidogo, tia kwenye mfuko, weka kwenye friji wiki 8 hadi 12. Maua yanaweza kuchukua miaka mitatu au zaidi.

Hapa muulize muuzaji mbegu zimetoka wapi. Angustifolia imechimbwa sana porini kwa ajili ya dawa, na ndugu yake wa jimbo la Tennessee, Marekani, Echinacea tennesseensis, aliingizwa kwenye orodha ya mimea iliyo hatarini kutoweka mwaka 1979, akaondolewa mwaka 2011 baada ya kazi kubwa ya kumlinda. Nunua zilizovunwa shambani.

4. 'PowWow Wild Berry' na 'Cheyenne Spirit'

Hizi ni za asiyeweza kusubiri. Zikisiwa mapema zinaweza kutoa maua mwaka huohuo, na zilishinda tuzo za All-America Selections, shirika la Marekani linalojaribu aina mpya za mbegu, ya kwanza mwaka 2010 na ya pili 2013. 'Cheyenne Spirit' hutoa nyekundu, njano, chungwa na rangi nyingine kutoka pakiti moja. Bei huwa juu, na mbegu utakazovuna zisikushangaze zikizaa rangi usizozitarajia.

5. Pakiti za "maua ya mbugani" zilizochanganywa

Mara nyingi zimejazwa maua ya mwaka mmoja yanayochanua haraka na kufa, huku ekinasia ikiwa chache. Kama orodha ya spishi na asilimia zake haipo, usinunue.

Zilizojaa petali mpaka katikati, zile zinazofanana na pamba iliyofumuliwa, siziweki kwenye orodha kabisa. Maua madogo ya chakula yamegeuzwa petali. Nyuki anatua, anatafuta, anaondoka.

Kabla ya kulipa, angalia mwaka wa kufungashwa na asilimia ya uotaji. Mara moja nilinunua pakiti kubwa isiyo na mwaka, nikasia trei nzima, zikaota nne. Tangu hapo kila pakiti naijaribu: mbegu 10 kwenye karatasi yenye unyevu, ndani ya mfuko, mahali penye joto. Zikiota chini ya 6, nasia mara mbili zaidi. Mbegu nzima ina rangi ya krimu, ina kingo nne, na ukiibonyeza kwa ukucha haibonyei. Ikibonyea ni kapi. Zilizopakwa dawa ya wadudu zikatae. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku mwaka 2018 matumizi ya nje ya dawa tatu za kundi la neonikotinoidi kwa sababu ya nyuki, na hakuna maana ya kumwalika mgeni kwenye sumu.

Pakiti moja ya purpurea inatosha. Mwaka wa pili vichwa vikishakuwa vyeusi na vikavu, vaa glavu, vunja viwili au vitatu, vipukute juu ya karatasi, upepete makapi. Vilivyobaki waachie ndege.