Foili ya mapovu chini ya bati: kiangazi inafaa, kipupwe haitoshi

Foili ya mapovu, ile karatasi inayong'aa yenye vipovu vya plastiki katikati, siku hizi ipo karibu kila duka la vifaa vya ujenzi. Wauzaji huinadi kwamba inazuia joto na inazuia baridi. La kwanza ni kweli, ikifungwa inavyotakiwa. La pili ni kweli nusu, na mnunuzi wa Njombe, kwenye baridi, anastahili kuambiwa kabla hajatoa pesa.

Bati likipigwa na jua la saa saba mchana Dar es Salaam halishikiki, na joto lake huchoma kwenda chini kama jiko la mkaa linavyochoma uso wa aliyekaa pembeni yake. Joto la namna hiyo ndilo foili inalolikata: alumini safi hurudisha karibu asilimia 95. Mapovu yenyewe, unene wa milimita 4, hayana nguvu kubwa. Kazi yote iko kwenye uso unaong'aa, nao haufanyi kazi mpaka utazamane na hewa. Ukigusana na bati, joto hupenya tu kama kwenye sufuria.

Hapo ndipo mafundi wengi wanapoharibu. Foili ilazwe juu ya kenchi (mbao za fremu ya paa), chini ya papi (mbao zinazopigiliwa bati). Papi ya inchi 2x2 huacha takriban sentimita 5 kati ya foili na bati. Nafasi hiyo isipungue 2.5. Anzia chini kwenye ukingo wa paa, panda kuelekea kofia (kilele cha paa), kila kipande cha juu kikilalia cha chini kwa sentimita 10, ili bati likitoboka maji yateremke nje na yasiingie darini. Kama foili inang'aa upande mmoja tu, mng'ao utazame chini. Wengi hubisha, lakini vumbi hutua juu na kuufunika mng'ao, na alumini inayotazama chini hurusha joto kidogo sana hata yenyewe ikipata moto.

Ukitoa maungio, roli la mita 1.2 kwa 25 hufunika mita za mraba 27.5. Paa la mita za mraba 90 (pima paa, si sakafu) linataka roli 4.

Kwa nyumba iliyokwisha kuezekwa, igongomelewe upande wa chini wa kenchi. Isitandazwe juu ya jipsamu: itajaa vumbi na italalia nyaya. Foili inapitisha umeme, hivyo zima swichi kuu kabla fundi hajapanda darini. Australia ilisimamisha foili ya dari mwaka 2010 katika mpango wake wa serikali wa kuwekea nyumba vizuia joto, baada ya mafundi kuuawa na umeme wakiipigilia kwa pini za chuma.

Msimu wa kaskazi, basi, utaona tofauti mchana. Usiku fungua madirisha, kwa sababu paa lenye foili halipoi haraka kama bati tupu. Unyevunyevu wa pwani foili haiuondoi. Feni bado inahitajika.

Kipupwe ni habari nyingine. Usiku wa Julai Makete au Limuru, joto la ndani hupanda likibebwa na hewa, na joto hilo foili hailizuii vizuri. Kule weka pamba ya fibaglasi ya milimita 100 juu ya dari, bila kuikandamiza (ikibanwa inapoteza nguvu), mfungaji akiwa na barakoa na glavu. Ziba pia upenyo chini ya milango na kwenye madirisha ya luva, la sivyo pamba itakuwa bure. Pamba hiyo hupunguza pia kelele za mvua, jambo ambalo foili hailiwezi sana. Faida kubwa ya foili kwenye baridi ni moja: alfajiri mvuke ukigeuka maji kwenye bati na kudondoka, maungio yaliyobandikwa utepe wa alumini huyapeleka matone ukingoni, na jipsamu haipati madoa.

Dukani, kunja pembe ya foili kwa vidole. Alumini halisi hubaki na mkunjo. Plastiki iliyopakwa rangi ya fedha hujikunjua yenyewe. Kisha omba kipande, kakiwashe nje kwa kiberiti. Kikishika moto na kudondosha plastiki inayowaka, usikipandishe juu ya vichwa vya watoto waliolala.