Eko na MRI kabla ya pesimeka: ipi inastahili pesa yako Nairobi

Eko ya moyo, yaani picha ya mawimbi ya sauti, haina shida kupatikana Upper Hill au Parklands. Cha kuchunguza ni ripoti. Tafuta EF, asilimia ya damu inayosukumwa na ventrikali ya kushoto kila pigo. Aliyetumia dawa kamili angalau miezi 3 na bado EF yake ni 35 au chini ndiye huanza kufikiriwa pesimeka ya kusawazisha moyo, kifaa cha kuongoza mapigo kwa umeme, chenye waya wa ziada upande wa kushoto. Kwa hiyo "30–40, kwa kukadiria" si jibu. Mpimaji makini huchora ukuta wa ndani kwenye picha ya vyumba vinne na ya vyumba viwili, moyo ukiwa umejaa, kisha ukiwa umejikaza. Foleni ikirefuka, ya vyumba viwili ndiyo hurukwa. Ncha ya moyo nayo ikikatwa kwenye picha, EF husomeka nzuri kuliko ilivyo.

Wengine huongeza ada ya kupima kama kuta za moyo zinapishana. Hapo funga pochi. Utafiti wa PROSPECT wa 2008 haukupata kipimo hata kimoja cha namna hiyo cha kutegemewa kubashiri nani atafaidika na pesimeka hiyo. EchoCRT wa 2013 uliwapa kifaa wenye QRS (muda wa umeme kuenea kwenye ventrikali) chini ya milisekunde 130 kwa kufuata eko: hawakufaidika, na vifo vikazidi. Mwamuzi ni ECG, kipimo cha umeme wa moyo, cha bei nafuu kuliko vyote hivi: QRS 150 kwenda juu, tawi la kushoto la njia ya umeme wa moyo likiwa limeziba.

MRI, picha ya mashine ya sumaku, ni ghali, ila kwa aliyewahi kupata shambulio la moyo tunaipa alama za juu. Gadolini, dawa ya picha inayodungwa mshipani, hung'arisha kovu, na waya wa kushoto ukiwekwa penye kovu ni kupiga hodi nyumba isiyo na mtu. Ifanywe kabla ya upasuaji. Hata kifaa kinachoruhusiwa ndani ya mashine huchafua picha. Kwa sababu ya gadolini, figo zipimwe kwanza. Mgonjwa hulala chali karibu saa nzima akibana pumzi mara kwa mara, sekunde kumi na kitu, kwa hiyo mwenye maji mapafuni apunguziwe kwa furosemidi, dawa ya kukojoza, kabla ya siku hiyo, la sivyo atalipia ukungu.

Ripoti ikisema tu "kovu upande wa nyuma", irudishe. Omba ramani ya ventrikali ya kushoto iliyogawanywa sehemu 17, na CD ya picha. Anayeweka waya huhitaji kuona, si kusimuliwa.