Huduma ya “Gredi 10” kwenye saiba ya Malindi: lipia ukaguzi, usilipie ahadi

Msimu wa kuchagua shule ukifika, milango ya saiba (maduka ya kompyuta na intaneti) za Malindi hujaa karatasi: “Gredi 10, tunachagulia shule na masomo.” Gredi 10 ndiyo mwanzo wa sekondari ya juu. Mapitio haya ni ya saiba moja ya upande wa sokoni. Kwa shilingi 300 wanamkalisha mzazi na mwanawe mbele ya kompyuta, wanafungua mtandao wa wizara wa kuchagua shule, kisha wanachapisha orodha ya shule 12, kila moja na mseto wake wa masomo. Saa hiyo moja ina thamani ya pesa yake. Neno “tunachagulia” halina, kwa sababu saiba haina uwezo huo.

Tuanze na hilo, maana ndilo linalowagharimu wazazi. Mwanafunzi wa Gredi ya 9 hujaza fomu pamoja na mzazi, na fomu hiyo hurudi kwa mwalimu mkuu wa sekondari msingi, naye ndiye anayeingiza machaguo kwa akaunti ya shule. Unachochapisha saiba ni rasimu. Mzazi anayetoka pale akidhani kazi imekwisha, akaiweka karatasi kabatini, mwanawe hana chaguo lolote kwenye mfumo. Mhudumu tuliyemkuta hakulisema hili mpaka alipoulizwa, na lilistahili kuwa neno lake la kwanza.

Wanachokifanya vizuri ni mpangilio wa kazi. Hawaanzi na jina la shule. Wanamuuliza mtoto anataka kufanya kazi gani, ndipo wanashuka: mkondo, kisha tawi, kisha mseto wa masomo matatu, mwisho shule zinazofundisha mseto huo. Mikondo ni mitatu: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), Sayansi za Jamii, na Sanaa na Michezo. Ndani ya STEM kuna sayansi tupu, sayansi tumizi na masomo ya ufundi. Kila mseto una namba yake, inayoanza na ST, SS au AS kulingana na mkondo, na namba hiyo ndiyo ya kunakili kwenye fomu bila kukosea hata tarakimu. Wazazi wengi huanza na shule yenye sifa, halafu wanagundua haina mseto wanaoutaka. Shule nyingi zina mikondo miwili tu, na hata mkondo ukiwepo, si kila mseto wake una mwalimu na vifaa.

Mfano mzuri kwa watu wa pwani ni somo la teknolojia ya bahari na uvuvi, lililo kwenye tawi la ufundi la STEM. Mhudumu alilipendekeza haraka kwa mtoto ambaye baba yake ni mvuvi. Wazo zuri, lakini somo kuwa kwenye orodha ya mtaala si sawa na kufundishwa kwenye shule unayoijua. Dai uoneshwe shule zenye mseto huo, kwa majina, kabla ya kuandika chochote. Halafu mtu apige simu kwa shule mbili za juu aulize kama kweli wana mwalimu.

Mwaka 2025, wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 9 walipochagua, mgawanyo ulikuwa hivi: shule nne kwa mseto wa kwanza, nne kwa mseto wa pili ndani ya mkondo uleule, na nne kwa mkondo wa pili. Katika hizo 12, tisa ni za bweni, tatu zikiwa za kaunti ya nyumbani na sita za nje, na tatu ni za kutwa katika kaunti ndogo anakoishi mtoto. Hapa pana mtego wa Malindi hasa. Mtoto anayeishi Mambrui au Gongoni na kusoma mjini yuko Kaunti Ndogo ya Magarini, ng'ambo ya Sabaki. Saiba hii humwandikia kila anayeingia mlangoni shule za kutwa za Malindi bila kuuliza anakolala. Muulizeni mtoto nauli ya kila siku kabla ya kuijaza safu hiyo. Huko Lamu swali hili ni zito zaidi, kwa kuwa shule ya kutwa yaweza kuwa kisiwa kingine na mashua haingoji kengele.

Kosa lao kubwa linahusu somo la hisabati. Masomo ya lazima Gredi ya 10 ni Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara, hisabati, na mafunzo ya huduma kwa jamii. Ongeza matatu ya mseto, jumla saba. Hisabati ina aina mbili: wa STEM husoma Core Maths, na mikondo mingine miwili husoma Essential Maths, ambayo ni nyepesi. Karatasi ya saiba inaandika “Maths” basi. Mtoto anayekimbilia Sayansi za Jamii kwa kuogopa hesabu, huku akiota kuwa mhandisi au daktari, hakuna aliyemwambia kwamba ameacha hisabati inayohitajika huko. Dakika mbili za maelezo zingetosha, nasi tunaona ni kasoro ya kusikitisha kwa huduma inayojiita ya ushauri.

Pia wasikuaminishe kwamba kuchagua vizuri ndiko kupata. Nafasi hutolewa kwa alama zilizojumlishwa: KJSEA, mtihani wa mwisho wa Gredi ya 9, asilimia 60, KPSEA, mtihani wa Gredi ya 6, asilimia 20, na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 asilimia 20. Kwa hiyo wakati wa kupanga zile nne za kwanza, leta matokeo ya tathmini za shuleni mezani. Ukizijaza zote nne kwa shule zinazogombewa nchi nzima, mseto wa kwanza umeuchoma.

Saiba hiyohiyo huhudumia pia wanafunzi wa mfumo wa zamani wa 8-4-4, ambao kundi lao la mwisho litafanya KCSE, mtihani wa Kidato cha Nne, mwaka 2027. Upande huu wako imara zaidi, na ndiyo sababu tunaipendekeza. Mtahiniwa anasajili masomo yasiyopungua saba wala kuzidi tisa. Kiingereza, Kiswahili na Hisabati ni lazima, kisha angalau sayansi mbili na somo moja la kundi la Historia, Jiografia na Dini. Tangu matokeo ya 2023, gredi ya wastani huhesabiwa kwa Hisabati, lugha moja iliyofanywa vizuri zaidi, na masomo mengine matano bora. C+ ndicho kizingiti cha shahada, na C- cha stashahada.

Mhudumu anatumia jedwali la kompyuta alilolitengeneza mwenyewe kukadiria alama za klasta, yaani alama zinazopimia masomo manne ambayo kozi ya chuo huyaangalia. Tumelipima na liko sawa. Hesabu yenyewe, kila somo likiwa na alama zisizozidi 12: chukua alama za masomo manne ya klasta, ugawanye kwa 48, chukua jumla ya masomo saba, ugawanye kwa 84, zidisha hizo mbili, tafuta kipeo cha pili cha jibu, kisha uzidishe kwa 48. Mwanafunzi mwenye jumla ya 58, ambayo ni B-, na 36 kwenye masomo manne, anapata takriban 34.54. Mwenziwe mwenye 58 hiyohiyo lakini 30 kwenye yale manne anapata 31.53. Gredi moja, tofauti ya alama tatu, na kwenye kozi zinazogombewa alama tatu ni mbali sana. KUCCPS, taasisi ya serikali inayogawa nafasi za vyuo, ndiyo inayotoa namba ya mwisho, lakini makadirio haya yanatosha kumwonesha mtoto wa Kidato cha Tatu kwa nini asiache Fizikia kwa sababu tu mwalimu ni mkali: uhandisi unafungwa hapo. Kemia ikiachwa, udaktari unafungwa. Anayetaka kuwa mwalimu wa sekondari achunge masomo mawili atakayofundisha, kwa kuwa kila moja hudaiwa C+.

Tatizo lililobaki ni la usalama, na hapa hatutawasamehe. Wanatunza nakala za vyeti vya kuzaliwa kwenye faili iliyo wazi juu ya meza. Anayefungua akaunti ya KUCCPS huingia kwa namba ya mtihani wa KCSE na mwaka, na nywila ya mwanzo ni namba ya cheti cha kuzaliwa au ya KCPE, mtihani wa zamani wa darasa la nane. Mwenye nakala yako na namba yako ya mtihani anaweza kukubadilishia kozi. Chapisha, chukua nakala zako, futa picha kwenye kompyuta, na uibadilishe nywila hapohapo ukiwa umekaa.

Cheti hichohicho kitumie kukagua jina. Kwetu Mohamed, Mohammed na Muhammad huandikwa ovyo, na Athman hugeuka Athuman kwa mkono wa karani mmoja. Jina la usajili linatakiwa lifuate cheti cha kuzaliwa herufi kwa herufi, na marekebisho hufanywa kupitia shule kabla usajili haujafungwa. Saiba hailirekebishi jina, ingawa kuna wanaotoza pesa kwa “kulishughulikia.”

Ukienda, beba namba ya tathmini ya mtoto, matokeo ya tathmini za shuleni, cheti cha kuzaliwa, na mtoto mwenyewe. Nenda asubuhi siku ya kazi. Jioni ukumbi hujaa vijana wa mpira wa mtandaoni na mtandao huzorota. Patana bei kabla ya kukaa, uulize kama kuchapisha kumo ndani ya zile 300, maana rasimu ikirekebishwa mara mbili kila ukurasa unalipiwa upya. Karatasi ikitoka, mpelekee mwalimu mkuu siku hiyohiyo, na usiondoke mpaka aingize machaguo na kukuonesha kwenye skrini namba ya mseto wa kwanza ikilingana na iliyo mkononi mwako.